Torakusu Yamaha: fundi wa saa aliyebeba kinanda begani

Kila msimu wa kahawa unapoisha, swali moja hurudi kwenye simu za studio yetu. Anapiga kijana wa Nkwenda, anapiga mwalimu wa kwaya wa Nyaishozi, anapiga mama wa kikundi cha akina mama huko Murongo. Wamechanga fedha na wanataka kununua kinanda ili warekodi nyimbo zao nyumbani, bila kulipia studio ya mjini kila mara. Wanauliza wachukue kipi: kile chenye midundo yake, kile kirefu kama piano, au kile chembamba cha kuchomeka kwenye kompyuta?

Tumejibu swali hili hewani mara nyingi, kwa haraka haraka kati ya matangazo ya vifo na bei za maharage. Leo tunalijibu kwa maandishi, na tunapitia kwenye maisha ya mtu ambaye jina lake mnalijua wote. Limeandikwa kwenye vinanda vya makanisa mengi huku kwetu na kwenye matangi ya pikipiki barabarani. Jina hilo ni Yamaha. Wengi wetu tulikua tukidhani ni jina la kiwanda tu. Lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo aliwahi kutengeneza kinanda kibovu. Jinsi alivyokipokea kibovu hicho ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Mtoto wa mpima nyota

Torakusu Yamaha alizaliwa mwaka 1851 katika eneo la Kishu, ambalo leo ni mkoa wa Wakayama nchini Japani. Familia yake ilikuwa ya tabaka la samurai, yaani watu waliomtumikia mtawala wa eneo. Baba yake hakuwa mtu wa upanga sana, kwani kazi yake ilihusu elimu ya nyota na upimaji wa ardhi. Mtoto alikulia katikati ya vyombo vya kupimia na michoro, akaona mapema kwamba kila kifaa kina mpango wake ndani, na mwenye subira anaweza kuuelewa.

Ili tuone ni zamani kiasi gani, tukumbuke kwamba Torakusu alipokuwa na miaka 10, mwaka 1861, hapa Karagwe Omukama Rumanyika alikuwa akiwapokea Speke na Grant, Wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Karagwe ya siku hizo ilijulikana kwa wahunzi wake. Japani nayo ilikuwa nchi ya mafundi wa mkono, wa mbao na wa chuma, na ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kufungua milango kwa wageni.

Mwaka 1868 utawala wa zamani wa Japani uliondolewa, na tabaka la samurai likaanza kupoteza nafasi yake. Vijana wa familia kama ile ya Torakusu walilazimika kutafuta kazi nyingine. Yeye alikwenda Nagasaki, mji wa bandari ambako wageni walikuwa wengi, akajifunza ufundi wa saa. Baadaye akajifunza pia kutengeneza vifaa vya hospitali. Fundi saa wa wakati ule aliweza mambo mengi: kufungua kitu kidogo bila kukiharibu, kuona springi iliyochoka, na kukirudisha kila kipande mahali pake.

Kwa miaka kadhaa alikuwa fundi wa kuhamahama, akifuata kazi ilipo. Katika miaka ya 1880 kazi ilimfikisha Hamamatsu, mji ulio kati ya Tokyo na Osaka, ambako alitengeneza vifaa vya hospitali. Alikuwa amepita miaka 30, bila kiwanda na bila mali.

Springi mbili

Mwaka 1887 shule moja ya msingi hapo Hamamatsu ilikuwa na kinanda kilichotoka Marekani. Kilikuwa cha upepo, cha kukanyaga kwa miguu, cha kampuni ya Mason & Hamlin. Serikali ya Japani ilikuwa imeanza kufundisha nyimbo shuleni, na vinanda vilihitajika. Lakini viliagizwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa, na kikiharibika hapakuwa na wa kukitengeneza.

Kinanda hicho kiliharibika. Walimu walimkumbuka yule fundi wa vifaa vya hospitali, wakamwita.

Torakusu hakuwa mwanamuziki wala hakujua kupiga kinanda. Alikifungua kama alivyofungua saa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: springi mbili zilikuwa zimevunjika. Fundi mwingine angezibadilisha, akalipwa, akaondoka. Yeye, kifuniko kikiwa wazi, aliangalia kilichomo ndani na kuona kwamba kinaweza kutengenezwa hapohapo Japani. Akachukua karatasi, akachora kila sehemu.

Kisha akaungana na rafiki yake Kisaburo Kawai, fundi wa mapambo ya madini, wakaanza kutengeneza kinanda chao wenyewe kwa kufuata michoro ile. Hawakuwa na mashine za kiwanda, na vifaa vingi walivitafuta au kuvibuni wenyewe. Kabla mwaka kwisha kinanda kilikuwa kimesimama. Kilikuwa na sanduku, pedali za kukanyagia, vitufe vyeupe na vyeusi, na kilitoa sauti.

Walipokipeleka kwa watu wa shule kikaguliwe, hawakusifiwa. Ikaonekana kwamba mahali pa kupata hukumu ya kweli ni Tokyo, kwenye taasisi ya serikali ya kufundisha muziki.

Safari ya kilomita 250

Reli ya kuunganisha Hamamatsu na Tokyo ilikuwa haijakamilika. Ilikuja kukamilika mwaka 1889. Kwa hiyo wanaume hao wawili walikifunga kinanda kwenye mti, wakaweka ncha za mti mabegani, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama wazee wetu walivyombeba mgonjwa kwa machela kwenda zahanati. Wakaanza kutembea.

Njia ilikuwa ya takriban kilomita 250. Kwa sisi wa huku, ni kama kutoka Kayanga hadi Bukoba kwa miguu, halafu kurudi, huku begani kuna sanduku la mbao ambalo halitakiwi kugongwa wala kulowana. Katikati ya njia ilikuwepo milima ya Hakone, yenye miteremko mikali. Walipanda na kushuka nacho.

Tokyo walikutana na mkuu wa taasisi ile, Shuji Isawa. Alikuwa mwalimu aliyewahi kusoma Marekani, na mmoja wa watu walioanzisha ufundishaji wa muziki katika shule za Japani. Kinanda kilikaguliwa. Kwa umbo kilikuwa sawa na mbao zake zilikuwa nzuri, lakini sauti hazikuwa sahihi. Noti moja na nyingine hazikukaa katika umbali unaotakiwa, na wimbo ukipigwa humo ungeenda upande. Kwa kazi ya shule hakikufaa.

Tuwaze kidogo. Umebeba kitu kilomita 250 begani, mguu umevimba na fedha zimekwisha, halafu unaambiwa hakifai. Wengi wetu tungetafuta wa kumlaumu, au tungerudi kijijini na kukiuza kwa mtu asiyejua kusikiliza. Torakusu hakufanya hivyo. Aliomba kujua kosa liko wapi, na Isawa akamruhusu akae Tokyo kusikiliza masomo. Kwa takriban mwezi mmoja, fundi huyu wa miaka 36 alikaa darasani akijifunza nadharia ya muziki na namna ya kupanga sauti.

Kosa lilikuwa wapi

Hapa tueleze kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kwa mnunuzi.

Kinanda cha upepo kina vipande vyembamba vya shaba ndani yake, kila noti na kipande chake. Ukikanyaga pedali, mvumo unavuta hewa. Ukibonyeza kitufe, njia ya hewa inafunguka na kipande kile kinatetemeka. Kifupi kinatetemeka haraka na kutoa sauti ya juu, kirefu kinatoa sauti ya chini. Kukisahihisha ni kazi ya tupa ndogo: ukipunguza ncha, sauti inapanda, na ukipunguza kwenye shina, sauti inashuka. Ukizidisha mkono kidogo tu, umekosea.

Yote mengine Torakusu aliyaweza kwa jicho. Sanduku linapimwa kwa rula na springi inaonekana. Lakini sauti haionekani, na mchoro hauwezi kuibeba. Alikuwa ameiga kila kitu isipokuwa kile ambacho kinanda kipo kwa ajili yake.

Wapiga enanga wa huku kwetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mpigaji hukaza nyuzi, akasikiliza, akalegeza, akasikiliza tena, mpaka zikubaliane na koo lake, ndipo aanze kuimba. Enanga iliyochongwa vizuri lakini haijapangwa sauti ni mbao tu.

Alirudi Hamamatsu na masikio mapya. Yeye na Kawai wakatengeneza kinanda cha pili, nacho kikapelekwa Tokyo. Safari hii Isawa alikubali kwamba kinaweza kuchukua nafasi ya vile vilivyoagizwa kutoka nje.

Kutoka kinanda kimoja hadi kampuni

Baada ya hapo alianzisha kiwanda cha vinanda Hamamatsu, na shule zikaanza kununua. Mwezi Oktoba 1897 aliunda kampuni ya Nippon Gakki, jina lenye maana ya vyombo vya muziki vya Japani, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata kampuni ilichagua alama yake ya biashara, na ndani yake ikaweka uma wa sauti. Huo ni kifaa cha chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti moja sahihi, na mafundi hukitumia kupangia sauti za vyombo vingine. Mtu ambaye kinanda chake cha kwanza kilikataliwa kwa sauti mbovu sasa alikuwa na kampuni yenye alama ya sauti sahihi.

Hakuishia kwenye vinanda vya upepo. Mwaka 1899, akiwa karibu na miaka 50, alisafiri hadi Marekani kwa niaba ya wizara ya elimu kujifunza utengenezaji wa piano. Alitembelea viwanda, akaangalia, akanunua vifaa na malighafi. Mwaka 1900 kampuni yake ilitoa piano ya kusimama, na mwaka 1902 piano kubwa ya kulala. Mwaka 1904 kwenye maonyesho ya dunia huko St. Louis, Marekani, vyombo vyake vilipata tuzo. Miaka 17 tu ilikuwa imepita tangu zile springi mbili.

Alifundisha wengine pia. Katika kiwanda chake aliingia mtoto mdogo aitwaye Koichi Kawai, aliyekua na kuwa fundi hodari, na mwaka 1927 akaanzisha kampuni yake ya piano. Ndiyo maana leo kuna vinanda vilivyoandikwa Kawai. Hamamatsu, mji ambao haukuwa na mtu wa kutengeneza kinanda kimoja cha shule, ukawa mji wa viwanda vya muziki.

Torakusu Yamaha alifariki tarehe 8 Agosti 1916, akiwa na miaka 65. Huku kwetu ulikuwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wajerumani wakigombea ardhi ya babu zetu. Alikufa bila kuona kinanda cha umeme hata kimoja, na bila kujua kwamba jina lake lingepanda pikipiki.

Jina baada ya mtu

Pikipiki zilikuja hivi. Kampuni ilijua sana kazi za mbao, kwa hiyo miaka ya baadaye ilitengeneza pangaboi za ndege, kwanza za mbao na kisha za chuma. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia mashine hizo zilibaki bila kazi. Viongozi wakaona zinaweza kutengeneza pikipiki, na mwaka 1955 ikazaliwa kampuni ya pembeni ya pikipiki yenye jina lilelile.

Vinanda vya umeme vilifuata. Mwaka 1959 kampuni ilitoa kinanda cha kielektroniki kilichoitwa Electone. Mwaka 1983 ikatoa sintesaiza iitwayo DX7, na sauti zake zilisikika katika nyimbo nyingi sana za miaka ile duniani. Mwaka huohuo wa 1983 kampuni za Japani na Marekani zilikubaliana lugha moja ya vinanda kuzungumza na mashine nyingine, lugha inayoitwa MIDI. Mwaka 1987, miaka 100 tangu ukarabati wa kile kinanda cha shule, Nippon Gakki ilibadili jina rasmi na kuitwa Yamaha.

Sasa turudi kwa kijana wa Nkwenda na fedha zake za kahawa.

Aina nne, kazi nne

Hatuandiki ili mnunue Yamaha. Kuna Casio, Roland, Korg, Kawai na nyingine, na kila moja ina vizuri na vya kawaida. Tunachokitaka ni mfanye kama yule fundi alivyojifunza kufanya: kujua kwanza kazi ya chombo, kisha kukihukumu kwa sikio, si kwa umbo.

Aina ya kwanza ni kinanda chenye midundo na spika zake. Ndicho kilichojaa makanisani. Mara nyingi kina vitufe 61, sauti mamia, na midundo inayojipiga yenyewe unapobonyeza kodi kwa mkono wa kushoto. Kinafaa kwa kikundi kinachoimba ibadani, harusini na msibani, na kinachorekodi mara chache. Udhaifu wake unaonekana kwenye kurekodi: midundo ya kiwandani ni ileile kwa kila mtu. Nyimbo tunazoletewa studio mara nyingi zina ngoma moja na besi moja, kwaya ya Bugene ikifanana na kwaya ya Isingiro. Ukichagua hiki, jifunze kuzima mdundo na kupiga mwenyewe.

Aina ya pili ni piano ya kielektroniki. Ina vitufe 88 ambavyo ni vizito kidogo, kama vya piano ya kweli. Inafaa kwa mtu anayejifunza piano sawasawa, au kwa kanisa ambalo kinanda hakitoki mahali pake. Sauti zake ni chache, lakini zile chache huwa nzuri. Ubaya ni kwamba ni ndefu na nzito, na ukiipandisha bodaboda kutoka Omurushaka hadi kijijini utakumbuka milima ya Hakone.

Aina ya tatu ni sintesaiza. Hii inakuruhusu kutengeneza sauti mwenyewe, kuikata, kuinyoosha, kuifanya iwe ya zumari au ya kitu kisicho na jina. Nyingi hazina spika ndani, kwa hiyo utahitaji spika ya nje au hedifoni. Ni chombo cha mtu anayependa kuchimba. Kwa kwaya inayotaka kuwasha na kuimba, itakuwa usumbufu.

Aina ya nne ndiyo inayowachanganya wengi, nayo ni kontrola ya MIDI. Kwa macho ni kinanda, lakini ndani hakina sauti hata moja. Ukikichomeka ukutani na kubonyeza, utasikia kimya. Kazi yake ni kupeleka maelekezo kwenye kompyuta au simu janja: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Sauti inatoka kwenye programu. Kwa kurekodi nyumbani kina faida kubwa. Ukikosea noti moja unaisahihisha bila kupiga wimbo upya, na wimbo uliopigwa kwa sauti ya piano unaweza kuugeuza kuwa filimbi. Vingi vinapata umeme kupitia waya wa USB, jambo zuri kwa nyumba ya sola. Lakini bila kompyuta yenye nguvu ya kutosha au simu inayokikubali, umenunua ubao. Tumewahi kupigiwa simu na mtu aliyedhani ameuziwa kibovu, kumbe aliuziwa hicho bila kuelezwa.

Kwa hiyo jiulize mambo matatu kabla hujatoa fedha. Chombo kitapigwa mbele za watu au chumbani? Je, kompyuta ninayo tayari, au fedha zote zitaishia kwenye kinanda? Na atakayekipiga anajua nini leo, sio mwaka kesho?

Kama kikundi hakina kompyuta na kina ibada kila wiki, chukua aina ya kwanza, lakini hakikisha ina mlango wa USB au wa MIDI, ili siku mkipata kompyuta kinanda hichohicho kifanye pia kazi ya aina ya nne. Kama una kompyuta na kazi yako ni kutengeneza biti chumbani, aina ya nne itakutosha, na fedha itakayobaki nunua hedifoni nzuri na maikrofoni.

Kikague kama walivyokikagua Tokyo

Dukani, na hasa kwa kinanda kilichotumika, usiridhike na taa kuwaka. Fanya hivi.

Bonyeza kila kitufe, kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto hadi kulia, vyeusi kwa vyeupe. Kisichotoa sauti, kinachobaki chini au kinacholia kwa nguvu kuliko jirani yake ni kasoro, na kukitengeneza huku kwetu si rahisi.

Bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, kinanda hakihisi mguso, au kipengele hicho kimezimwa. Ulizia. Kwa kurekodi ni muhimu, kwa sababu bila mguso kila wimbo unasikika kama kengele ya saa.

Kagua sauti yenyewe. Kinanda cha kielektroniki hakina shaba ya kupiga tupa, lakini kina sehemu ya kupandisha na kushusha sauti zote, na mtumiaji wa kwanza anaweza kuwa aliigusa akasahau. Zipo programu za bure za simu za kupimia sauti. Zima midundo, chagua sauti ya piano, piga noti ya A iliyo juu ya C ya katikati. Simu isome 440. Ikisoma tofauti, mwambie muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha upime tena. Kwaya ikizoea kinanda kilichoshuka, siku mtakapokutana na gitaa au kinanda kingine mtagombana bila kujua chanzo.

Angalia nyuma. Kuna tundu la hedifoni au la kutolea sauti? Utalihitaji ili sauti iende kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia, badala ya kuweka simu mbele ya spika na kurekodi pamoja na jogoo na mvua ya bati. Kuhusu USB, uliza kama inapeleka maelekezo tu au inapeleka na sauti yenyewe. Ziko za aina zote mbili.

Soma maandishi ya umeme. Vinanda vingi vidogo vinatumia adapta ya volti 12, na hapo watu hushawishika kukiunganisha moja kwa moja na betri ya sola. Betri iliyojaa inaweza kuzidi volti 12, na waya ukigeuzwa chanya kwa hasi kinanda kinaweza kufa palepale. Mtumie fundi, au tumia adapta yake halisi.

Mwisho, rekodi. Omba dakika 5, chomeka hedifoni, piga wimbo mnaoujua wote, urekodi hata kwa simu, kisha toka nje ya duka usikilize. Nenda na mtu mwenye sikio zuri kuliko lako, hata kama ni mtoto wa kwaya, na ukubali atakachokuambia. Torakusu alitembea kilomita 250 kumtafuta mtu wa namna hiyo. Wewe unaweza kumpata jirani.

Kinanda cha kwanza cha Hamamatsu kilipendeza macho, na kwa kazi yake hakikufaa. Mwenyewe alilikubali hilo mapema, ndiyo maana kuna cha pili. Hatuna uhakika kwamba kila kikundi kitapata nafasi ya pili, kwa sababu fedha za kahawa haziji mara mbili kwa mwaka. Basi sikilizeni kabla ya kulipa.

Na jioni hii pikipiki ya Yamaha ikipita njiani kwenu, angalieni alama iliyo kando ya jina. Ni nyuma tatu za sauti zilizopishana katikati ya duara.